Dada, Usizipeleke Shingo Zile Dukani

Dada yangu Emiliana,

Shikamoo. Mama hajambo, maharage ya ngwara tumemaliza kuvuna, na mimi naendelea vizuri na masomo. Hayo nimeyatanguliza ili usiwe na wasiwasi na watu wa nyumbani. Yanayofuata ni mazito kidogo. Naiandika barua hii wazi ili Mama aisome kabla haijakufikia, na Janeth, mwenzako wa biashara, naye aisome ukishamaliza, kwa sababu nililolitenda nililitenda kwa siri, na sitaki siri tena.

Wiki ijayo mnapeleka Shingo, zile kinga zenu za nyaya za chaji, madukani na kwenye hoteli za watalii. Usizipeleke, dada. Zina kosa. Nimelijua kosa hilo kwa siku kumi na moja na nimenyamaza. Nitakueleza lilivyo, lakini kwanza nikueleze kwa nini nilinyamaza. Nikianza na kosa utasema mdogo wako ana akili, na ninataka ujue pia kwamba ana wivu.

Unaikumbuka meza yetu ya kuchajia simu pale karibu na uwanja wa mnada? Wewe ulikuwa umemaliza kidato cha nne unangoja matokeo, mimi nilikuwa darasa la sita. Siku ya mnada simu zilijaa mpaka tukawa tunazilaza kwenye beseni la kufulia, kila moja na kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Wewe uliandika majina, mimi nikachomeka. Mzee mmoja aliyeleta vitunguu kutoka Mang'ola alikataa kuandikiwa jina, akasema simu yake inajulikana kwa harufu, na kweli ilijulikana. Ulicheka hadi ukakaa chini.

Kilichotutesa ni nyaya. Zilikatika mahali palepale siku zote, hapo shingoni, waya unapoingia kwenye kichwa. Simu mpya zilikuwa zimeanza kuja bila chaji ndani ya boksi, basi watu walinunua nyaya za barabarani zenye nembo za uongo, wiki mbili tu zimekufa. Halafu matundu ya chaji yakabadilika, na nyaya za zamani zikawa haziingii kwenye simu mpya hata ukizilazimisha. Ulikuwa ukisema wanaotengeneza simu hawajawahi kusimama mnadani hata siku moja.

Ndipo alipokuja Mama Naserian. Alishuka kutoka kwenye maboma ya ng'ambo ya geti la Ngorongoro na simu mbili, yake na ya mumewe, akaketi kwenye ndoo yetu kungoja zijae. Mkononi alikuwa na kibuyu cha maziwa kilichopasuka shingoni, akikishona kwa ukanda mwembamba wa ngozi. Ukanda ule ulikuwa umeloweshwa. Nikamwita mama kwa Kimasai, "Yeyo, kwa nini umelowesha?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linawaka.

"Ngozi ikikauka inakumbatia," akasema. "Shule unasoma nini, kama hili hujui?"

Wewe na mimi tulitazamana. Alipoondoka tukazungumza sote kwa pamoja. Wiki ile nzima tulishona nyaya za wateja shingoni, kwa ngozi mbichi, na shanga juu yake. Zilipendeza mno. Mnada uliofuata zikarudi zote, zimekufa. Ngozi ilikuwa imekauka na kukumbatia mpaka ikaukata waya kwa ndani. Kibuyu ni kigumu, kinastahimili kukumbatiwa, lakini waya ni laini, na sisi hatukuliwaza hilo. Yule dereva wa watalii mwenye kofia ya manyoya alikuinulia waya wake mbele ya watu wote akakuuliza, taratibu kabisa, "Dada, huu mliushona au mliunyonga?"

Jioni ile ulisema basi, tumejiaibisha vya kutosha. Mimi sikusema basi. Jumapili baada ya kanisa nilikaa nyuma ya jiko na waya mbovu, nikaacha ngozi mbichi, nikachukua ngozi kavu na uzi mkavu. Nikalaza bua moja la unyasi juu ya waya, nikashona juu ya vyote viwili, nikapanga shanga, kisha nikalichomoa lile bua. Ikabaki nafasi ndogo ndani, upana wa unyasi tu. Waya ukawa unapinda na kurudi bila kubanwa. Nilikuletea ukiwa unaanua nguo. Uliupinda mara nyingi sana, ukauchomeka, simu ikalia. Ukanibeba mgongoni ukazunguka nyumba nzima, ingawa tayari nilikuwa nimekaribia urefu wako na miguu yangu ilikuwa inaburuza.

"Hiki ni cha kwetu wawili," uliniambia. Nayakumbuka maneno hayo kama yalivyo kwa sababu niliyaandika nyuma ya daftari la Sayansi.

Kisha ukaenda chuo Arusha, ukakutana na Janeth.

Sikumchukia mwanzoni. Ulipopiga simu ulimtaja mara moja, halafu mara mbili, halafu nikawa nakuuliza umekula nini, nawe unanijibu Janeth amepika nini. Ulipokuja Krismasi ulicheka kicheko ambacho si chako, cha kuvuta pumzi mwishoni, nikajua umekitoa kwake. Janeth anajua kompyuta. Janeth amechora pakiti. Janeth amesema tuiite Shingo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiita pale mahali shingo tangu zamani, lakini sikusema, maana ningeonekana mtoto anayegombea neno.

Siku ya uzinduzi Mama aliweka bando la kutosha, tukaegemeza simu kwenye kopo la sukari, tukawatazama moja kwa moja huku tunapepeta ngwara. Nilifurahi, dada, naomba uamini. Ule ukumbi, zile taa, jina la kitu chetu kwenye pazia. Halafu mkatoka ninyi wawili mmevaa kitenge cha namna moja.

"Mbona wamevaa sare?" Mama akauliza. "Ni ndugu?"

Nikamjibu kwamba siku hizi ndivyo wafanyavyo watu wa biashara. Lakini sare tulikuwa tukivaa mimi na wewe, kila Krismasi, mpaka ulipoondoka.

Janeth aliongea vizuri. Alieleza kwamba kampuni za simu zinauza vitu vilivyotengenezwa viharibike, kwamba nyaya na chaji zilizokufa zinarundikana majalalani na sumu yake inaingia ardhini, na kwamba mteja ana haki ya kutengenezewa alichonacho kabla ya kuuziwa kipya. Yote ni kweli, hata mwalimu wetu wa Uraia amesema hivyo. Lakini alipofika mahali pa kusema watu wa vijijini wanatupa nyaya ovyo, nilijibu kwa sauti kubwa, mbele ya ungo, kwamba sisi hatujawahi kutupa waya hata mmoja. Mama akaniambia hakusikii.

Akasema tena waligundua tatizo hili kwa utafiti. Nikajiuliza, utafiti gani? Ndoo ya Mama Naserian? Kisha ukachukua kipaza sauti, ukamshika mkono, ukasema, "Huyu ni pacha wangu. Bila Janeth kusingekuwa na Shingo."

Mama aliendelea kupepeta. Mimi nilikwenda kuchota maji, na mapipa yalikuwa yamejaa.

Wiki iliyofuata ukatuletea pakiti mbili kwa basi, moja ya Mama, moja yangu. Nilifungua yangu polepole. Pakiti nzuri, shanga nzuri, ngozi laini kuliko yetu. Na mshono umekaza. Nilijaribu kupitisha kucha chini ya uzi, haikupita. Nikajaribu sindano, nayo haikupita. Nikakumbuka Janeth alivyosema siku ile kwamba wameboresha umaliziaji kwa sababu uzi uliolegea ukipigwa picha unaonekana kama kazi mbovu. Nadhani ulimweleza kuhusu unyasi. Nadhani pia hukumweleza vya kutosha, kwa sababu wewe mwenyewe hukuwahi kushona kwa bua. Mshonaji nilikuwa mimi.

Nikaivalisha kwenye waya mpya wa Mama, ule mnene wa chaji ya haraka. Nyaya hizi mpya zinapata joto, dada, kuliko zile za beseni letu. Ngozi ikipata joto inakauka, na ikikauka unajua inavyofanya. Siku ya tano ilibidi Mama aushikilie waya kwa upande ndipo chaji iingie. Siku ya saba ukafa. Nilifungua mshono kwa wembe nikakuta ngozi imeacha alama kuzunguka waya, kama pete iliyobana kidole.

Sasa nakuja kwenye lile linaloniaibisha. Nilipoiona ile alama, nilifurahi.

Sikuwa na huzuni hata kidogo. Kichwani nilimwona Janeth amesimama katikati ya duka fulani kubwa na watu wanamrudishia pakiti, mmoja mmoja, na dereva mwenye kofia ya manyoya akimwuliza swali lake. Nilikuona wewe ukigeuka kutafuta mtu mwingine wa kumwuliza, ukinitafuta mimi. Nikaweka ile Shingo iliyokatwa ndani ya sanduku langu la shule, chini ya sare, nikafunga. Mama aliponiuliza waya umekuwaje, nikasema labda ni feki.

Nilikupigia mara moja. Siku ya nane, saa ya mapumziko, kwa simu ya mwalimu wa zamu. Akapokea Janeth.

"Dada yako yuko kwenye kikao, mdogo wangu," akasema, kwa upole kabisa. "Nimwambie nini?"

Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini aliniita mdogo wake, na nyuma yake nilisikia watu wakicheka, na katika vile vicheko kimoja kilikuwa chako, kile kipya. Nikamjibu hakuna, nilikuwa nasalimia tu.

Tangu siku hiyo nimeshindwa kusoma. Naangalia kitabu cha Fizikia naona pete kwenye waya. Naona yeyo mmoja wa Endulen ametoka nyumbani alfajiri, amenunua Shingo yenu kwa sababu ina shanga anazozijua, na siku ya saba simu yake haiwaki na mumewe yuko mbali na ng'ombe. Huyo hajanikosea lolote. Naye hatamrudishia Janeth pakiti, maana hamjui Janeth wala jina lake. Atasema tu kwamba vitu vya siku hizi ndivyo vilivyo, atanunua waya mwingine wa barabarani. Na wewe, dada, utasimama tena mbele ya watu huku umeshikilia kitu kilichonyongwa. Nilipowaza hivyo, furaha ile iliniondoka yote.

Kwa hiyo sikiliza, na Janeth asikilize. Fumueni zote, hata zilizokwisha kufungwa kwenye pakiti. Ngozi iwe kavu kabisa kabla haijashonwa, ikae juani siku mbili. Kabla ya kushona, lazeni kitu chembamba juu ya waya wa kupimia, unyasi, njiti ya ufagio, chochote chenye unene huo, mshone juu yake, kisha mkichomoe. Kwa waya wa chaji ya haraka lazeni viwili. Mshono utaonekana umelegea kidogo kwenye picha. Uacheni ulegee, na kwenye pakiti muandike kwa nini, watu wataelewa. Wale walioagiza kwenu waambieni mtachelewa na sababu ni nini. Afadhali waseme mmechelewa.

Ndani ya bahasha nimeweka ile iliyokata waya, muione kwa macho yenu, na tatu nilizozishona mwenyewe jana jioni na leo asubuhi. Kondakta wa basi la kwanza ameahidi kukupa mkononi.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba nataka jina langu liwe kwenye pakiti. Nimekata mstari huo, utauona, si kwa sababu sitaki. Ninataka. Lakini nikiliomba kwenye barua hii litakuwa kama nimewauzia hiki ninachowaambia, na hiki si cha kuuza. Utafikiri mwenyewe.

Wivu haujaisha, dada. Mwalimu wa dini anasema ukiungama unatoka mwepesi. Mimi nimeungama na bado Janeth simpendi sana. Najaribu. Ana sauti nzuri kwenye simu, hilo nalikubali.

Shule inafunga Ijumaa. Kufumua uzi bila kukata ngozi ni kazi ya vidole, na vidole vyangu vimeizoea tangu darasa la sita. Mama amesema nikiitwa nitaruhusiwa kuja Arusha. Nitakaa popote mtakaponipa, nitafumua mpaka ziishe, na Janeth akinifundisha kompyuta nitajifunza. Ila siku ya kwanza, ile moja tu, kiti cha ubavuni kwako niachieni mimi.

Ni mimi,
mdogo wako wa kuzaliwa naye.