Swali la Majani Mabichi

Jumamosi jioni, Kilosa.

Joto la leo si la kuandika. Upepo umekata tangu adhuhuri, vumbi la barabara ya kwenda kijiji cha Ulaya limenikaa kooni, na kanga niliyojitanda asubuhi imebadilika rangi. Nimeoga mara mbili na bado najiona sijatakata. Nimekaa kibarazani, simu nimeilaza kifudifudi, maana kila ikitetemeka nami natetemeka.

Shajara, leo nimekuja kukiri.

Wanaonifuata humu kwenye blogu wanaijua shughuli yangu. Siku za kazi nachapa barua na kutoa nakala kwenye kiduka karibu na ofisi za wilaya. Jumapili nazurura. Nimeshaandika kuhusu vichochoro vya Magomeni ya hapa Kilosa na mama wa vitumbua ambaye ukichelewa kidogo unakuta sufuria limeshaoshwa. Nimeandika kuhusu kingo za mto Mkondoa. Hata Mikumi, wakati wasafiri wote wanainua simu kuwapiga picha twiga kando ya barabara kuu, mimi nilikuwa nyuma ya maegesho ya malori nikila kisamvu cha karanga kwa mama asiye hata na kibao cha kutangaza. Nilijivunia hilo. Niliona mimi nafika pale ambapo wengine wanapita tu.

Jumapili mbili zilizopita nilifika mahali fulani kati ya Kilosa na Mikumi. Sitasema zaidi ya hapo. Majina ya watu nitakaowataja si yao, na hata rangi ya bati nitakayoitaja nimeibadilisha.

Bi Zuhura huleta mchicha na bamia sokoni kwetu, na ndiye aliyenikaribisha kwake. Chini ya shamba lake kuna chemchemi inayotoka kwenye mawe, maji yake baridi kama ya mtungini, na pembeni majani mabichi yanafika magotini, wakati kwingine kote ardhi imepauka na kupasuka. Alinipikia ugali wa dona, mlenda na perege wa kukausha, kisha akanimiminia maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu. Nilikula mpaka nikaona aibu.

Nikamuuliza maziwa anayapata wapi, naye hafugi. Akasema ni ya Baba Masanja, jirani yake, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia pale na familia yake miaka mingi iliyopita. Kila Ijumaa kibuyu kinatoka kwa Baba Masanja kikiwa na maziwa. Kinarudi na choroko, au karanga, au chochote kilichovunwa. Hakijawahi kurudi kitupu, hata mwaka wa njaa. Na ng'ombe wa Baba Masanja hunywa kwenye chemchemi kabla jua halijapanda, wakipita njia moja tu iliyozibwa kwa miiba pande zote mbili. Jua likishapanda, maji ni ya ndoo za kina mama. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Mimi ninayechapa mikataba ya watu kutwa nzima nilishangaa.

Nikarudi nyumbani, nikaandika kuhusu mlenda, perege na maji baridi. Nikaweka picha nne. Iliyopendwa kuliko zote ni ile ya majani.

Siku ya pili mtu nisiyemjua akauliza chini ya picha: "Majani haya ni ya sasa hivi, au picha ni ya masika?"

Nikamjibu kwa furaha. Nikamwambia ni ya juzi tu, na kwamba hapo hapakauki mwaka mzima. Kisha, kwa sababu napenda kuonekana najua, nikamwelekeza: ukifika duka la njia panda shika kushoto, nenda hadi uone choo chenye bati la bluu, teremka nyuma yake utasikia maji.

Nimezaliwa hapa Kilosa. Nimekulia hapa. Mtalii anauliza kama barabara inapitika, kama kuna nyoka, kama chakula kina pilipili. Mtu anayeuliza majani mabichi mwishoni mwa kiangazi ana ng'ombe wenye njaa. Mtoto wa darasa la tatu wa huku angelijua hilo, na mimi sikulijua, kwa sababu nilikuwa nahesabu walioipenda picha yangu.

Alhamisi Bi Zuhura hakuja sokoni. Nikampigia. Akaniambia kwamba jana yake alasiri kundi kubwa la ng'ombe lilishuka nyuma ya nyumba yake, wakala majani yote, wakaingia kwenye bustani, wakaivuruga chemchemi ikawa tope tupu. Wenye ng'ombe walikuwa wageni, wakanywesha na kuondoka kabla watu hawajarudi kutoka mashambani. Kijiji kizima kinasema Baba Masanja ndiye aliyewaita ndugu zake. Jumamosi kuna mkutano.

"Na wewe Bi mkubwa unasemaje?" nilimuuliza.

"Kibuyu chao kiko hapa tangu Ijumaa iliyopita, mwanangu. Sijakirudisha."

Nikakata simu, nikafungua blogu, nikaifuta makala yote, picha na maswali na majibu yake. Nataka niliandike hili lilivyo. Kabla sijamwonea mtu yeyote huruma, nilifuta.

Ijumaa yote nilijishawishi kwamba yamekwisha. Nani angejua? Lakini kila nilipokaa kwenye mashine nilimwona Baba Masanja, mtu niliyemwona mara moja tu, siku ile nilipokwenda kwa Bi Zuhura, akinyoosha miiba ya njia yake kwa mkono ili isimchome mgeni anayepita. Asubuhi ya leo nikapanda bodaboda.

Mkutano ulikuwa mbele ya ofisi ya kijiji, chini ya turubai. Wanaume walikuja na panga na fimbo kama wanavyotembea nazo kila siku, ila leo nilizitazama. Baba Masanja na mkewe walikaa kwenye benchi la mwisho, na nafasi pande zao zote mbili ilibaki wazi ingawa wengine walisimama juani.

Mzee mmoja alisema, "Ng'ombe hawaoti ndoto. Wale walikuja moja kwa moja hadi majini. Kuna aliyewaita."

Watu wote wakageuka nyuma. Baba Masanja akasimama, akavua kofia.

"Shikamooni wazee. Sijawaita. Maji yale hata mimi ndiyo nayanywa. Nitaitaje mtu aje ayachafue?"

Hawakumwitikia. Shikamoo yake ilibaki hewani, na kwa huku kwetu hilo ni kubwa kuliko tusi. Pendekezo likatolewa: njia ya ng'ombe izibwe kuanzia leo. Wote pale walijua maana yake. Mvua bado, na maji mengine yako mbali. Njia ikizibwa, Baba Masanja atahama, au mifugo yake itakufa mbele ya macho yake.

Nikanyoosha mkono.

Nikaamkia, nikaeleza yote: picha, swali, jibu langu. Nilipomaliza mwenyekiti akaniomba simu aone.

Sikuwa na cha kumwonyesha. Nilikuwa nimefuta kitu pekee ambacho kingemwokoa yule baba.

Minong'ono ikaanza. Kijana mmoja aliyesimama nyuma akasema kwa sauti, "Huyu dada katumwa." Mwingine akauliza kwa nini mtu wa mjini aje kumtetea mfugaji kama hajapewa kitu. Nikamtazama Bi Zuhura, naye akatazama chini. Baba Masanja alinitazama pia, na ndipo nikaelewa kwamba kwa kusema nimezidi kumharibia.

"Uliandika nini hasa?" mwenyekiti akauliza. "Maneno yenyewe."

Nikayasema. Duka la njia panda. Shika kushoto. Choo chenye bati la bluu.

"Subiri," akasema Mama Rehema, mwenye duka lenyewe la njia panda. Alikuwa amekaa mbele, mtoto mgongoni. "Bati la bluu? Wale watu walisimama dukani kwangu. Waliniuliza hivyo hivyo, iko wapi nyumba yenye choo cha bati la bluu. Nikashangaa, maana hapa sote tunasema kwa Bi Zuhura."

Akageuka kumtazama yule mzee wa ndoto. "Baba Masanja angewaelekeza kwa choo? Anamjua Bi Zuhura kuliko wewe."

Kuna aliyecheka, kisha wengine wakafuata, na panga zikalazwa chini. Mimi sikuweza kucheka. Yule mzee akamgeukia Baba Masanja na kuiitikia shikamoo yake: marahaba.

Njia haikuzibwa. Lakini mwenyekiti aliniuliza kama picha nikiifuta inafutika na kwa wengine walioichukua. Nikamwambia hapana. Maji yakimwagika hayazoleki. Basi tangu leo wakulima wawili na Baba Masanja watashika zamu pale majini hadi mvua inyeshe, na ni mimi niliyewapa kazi hiyo.

Waliotangulia walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji akaugua.

Baada ya mkutano nilimfuata Bi Zuhura hadi kwake. Hakunipa chakula. Hakunipa hata maji, na ile ni nyumba ambayo muuza sabuni akipita analishwa. Nilikaa kwenye kigoda nikitazama bustani iliyokanyagwa, matuta yamekuwa bapa, na nikalia kidogo, upande wa ukuta asinione.

Kisha nikasikia choroko zikimiminwa. Alikijaza kibuyu hadi shingoni, akakifuta kwa upindo wa kanga yake, akaniwekea mikononi.

"Peleka wewe," akasema. "Uwaambie nimechelewa, nisamehewe."

Kibuyu kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Nilipita njia ile ya miiba peke yangu, na nilitembea polepole nikiogopa kujikwaa. Mama Masanja alinipokea kwa mikono miwili, akamimina choroko zote kwenye ungo, akachungulia ndani ya kibuyu kuhakikisha hakuna iliyobaki. Akanipa kigoda. Nikatoa simu nitazame saa, na yeye akanitazama mkono.

"Hiyo iweke kwenye mkoba kwanza, ndipo tuongee," alisema.

Nikaiweka. Tuliongea juu ya mvua.

Sasa ndiyo hivi, niko kibarazani. Nilipoigeuza simu nimekuta ujumbe mpya, kutoka kwa mtu mwingine kabisa. Anasema ametumiwa picha yangu ya majani. Anauliza kwa adabu, amenianza kwa shikamoo: dada, hapo ni wapi?

Nimeusoma mara nyingi. Ningetamani awe mtu mbaya, ingekuwa rahisi. Lakini huenda amesimama mahali fulani juani na ng'ombe wake wamelala chini hawainuki, na watoto wake wanamtazama yeye.

Ndugu, kama unasoma hapa: marahaba. Najua ni wapi. Sitakwambia.

Nisamehe, na Mungu akuletee mvua kabla yetu.