Doa Lisiloshika Rangi

Baba,

Sitabadilisha mada ya mradi wangu wa sayansi. Nakuambia wewe kwanza, kabla ya madam wa sayansi, maana mbele yake sauti hunikauka.

Tangu ulipofia juu ya lile paa ukitengeneza kiyoyozi, watu wananisemesha polepole kama mgonjwa. Madam alisoma kichwa cha mradi wangu, kuhusu wanaogandisha maiti wakitumaini sayansi ya kesho itawaamsha, akaniita pembeni: andika juu ya mimea, habibti, utaumia. Shangazi Rehema, aliyehamia kwetu huku ughaibuni, mtaa wa International City, kunilea, alikuwa mkali zaidi. "Baba yako kaoshwa, kavikwa sanda, kaswaliwa. Khalas, yamekwisha! Unataka kumtia kwenye friza?"

Sitaki. Jibu langu naliandika hapa. Ulizikwa vizuri, nami siombi urudi. Lakini swali tulilianza pamoja, na hakuna aliyenionyesha kwamba nalo limekufa.

Unakumbuka figo la mbuzi? Nilikusomea kwamba maji ya mwilini yakiganda huchana nyama kwa ndani, kwa hiyo damu lazima itolewe kwanza, na dawa ya kuzuia barafu ipite mahali pake, mpaka mshipa wa mwisho. Ukasema, "Kuosha mabomba? Si ndiyo kazi yangu hiyo!" Ukaleta mpira mwembamba na mfuko wa plastiki kutoka kazini, tukatia mfukoni maji ya chumvi yenye rangi ya buluu, tukayapitisha kwenye mshipa wa figo. Upande mmoja haukushika rangi. Nikakamua mfuko kwa nguvu. Figo likavimba, likapasuka, buluu ikakurukia usoni. "Yalla, daktari! Mbuzi wa watu kafa mara mbili!" Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Kosa letu sasa nalijua. Figo lile lilikaa buchani tangu asubuhi, damu ikaganda kwenye mishipa midogo. Palipoziba dawa haipiti, na ukisukuma zaidi unapasua. Wagandishaji nao wanahangaika na hilo hilo: moyo ukishasimama, wanashindana na saa. Wewe walikukuta umeshapoa. Sentensi hiyo nimeifuta mara tatu. Sasa naiacha.

Jumamosi nilikwenda machinjioni na Shangazi. Alinung'unika njia nzima, halafu ni yeye aliyempigia kelele mchinjaji, "Mpe figo la sasa hivi, lenye joto!" Nyumbani niliinua mfuko kidogo tu, maji yakashuka yenyewe. Rangi ikaenea, Baba, karibu kote. Limebaki doa moja lisiloshika rangi, kadiri ya ukucha wa kidole cha mwisho. Shangazi akashauri niligeuze figo, picha isilionyeshe.

Nimelipiga picha doa lenyewe, kwa karibu.

Alhamisi nitasimama nayo mbele ya darasa. Wapo watakaocheka. Nitawaonyesha doa na kusema: hapa bado hakuna aliyefika. Sauti itatetemeka, na itetemeke.

Pumzika, Baba. Zamu yako umeimaliza. Nakuahidi sitakaa kitini kabla sijasema neno la mwisho.

Mwanao,
Zuhura