Nilikata Mkufu wa Mama Nikitafuta Fundo Lake

Mpendwa mshauri wetu Mama Imelda,

Shikamoo, na pole kwa kazi ya kubeba mizigo ya watu usiowajua. Naomba unisaidie kuutua na huu wangu, maana nimezunguka nao miezi miwili na sina tena pa kuuweka.

Naitwa Sekela, nina miaka thelathini na mmoja, ni mzaliwa wa milimani Ileje lakini naishi hapa Tunduma na kazi yangu ni kuchora. Siku hizi nachora kwenye kishikwambi, kadi za harusi, picha za fulana, mabango ya saluni, hata wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wananitumia sura za watoto wao niwachoree, na sijivuni nikisema mkono wangu unajulikana. Lakini mkono huu ulifundishwa na mama yangu, marehemu Roda, ambaye hakuwahi kuchora hata kuku, yeye alikuwa mtunga shanga. Aliokota mbegu nyeusi za mgomba-pori kule korongoni, akazitoboa kwa kekee aliyoitengeneza kwa njiti ya mwavuli, akazipaka mafuta ya nyonyo mpaka zikang'aa, halafu akazitunga akichanganya na vipande vya waya wa shaba. Mvua ikinyesha na shamba la kahawa haliingiliki, tulikaa naye mlangoni pa jiko, mimi na mdogo wangu Tumpe, tukimchagulia mbegu za ukubwa mmoja, na kwa kuwa uzi aliushika kwa meno hakuweza kusema, basi alitufundisha kwa nyusi, ukikosea zinapanda, ukipatia zinashuka. Mpaka leo nikinusa mafuta ya nyonyo nasikia mvua juu ya bati.

Miaka minne iliyopita mama akiwa mgonjwa alinipa mkufu aliokuwa akiuvaa kanisani, wa mistari mitano, akaniambia, "Sekela, huu si wako. Mtunzie Tumpe mpaka siku ya harusi yake. Wewe nimeshakupa mikono." Nikaahidi. Nikaufunga kwenye kitambaa nikauweka sandukuni, nikawa nautoa mara mojamoja kuutazama.

Sasa mwaka huu nikaanza kuchoka na kile kioo. Ukichora kwenye kishikwambi ukikosea unafuta, rangi haikuchafui vidole, picha haina harufu, nikatamani kutunga tena kama zamani. Nikatafuta mbegu na uzi, nikatunga, lakini kila nikifika mahali pa kuufunga nakwama, kwa sababu mkufu wa mama haukuwa na fundo linaloonekana, mistari mitano inakutana kisogoni na kupotea, ukipapasa hukuti kitu. Nikauchora kwenye kishikwambi pande zote, nikaukuza mpaka mbegu moja ikawa kubwa kama sahani, lakini fundo limejificha ndani. Nikajaribu kumkumbuka mama akilifunga, nikakuta nakumbuka nyusi tu, vidole vimefutika.

Mama Imelda, nilichukua mkasi. Nilijiambia nakata uzi mmoja, naangalia, narudishia. Uzi ulikuwa mkuukuu, ulipokatika mmoja yote ikaachia, mbegu zikamwagika sakafuni mpaka chini ya kabati, na lile fundo nililolitafuta likabaki vumbi la nyuzi kiganjani. Niliziokota kwa magoti nikilia kama siku ya msiba. Nimeutunga upya kwa kufuata mchoro, mbegu kwa mbegu, hakuna iliyopungua, lakini haulali shingoni kama ulivyolala kwa mama, unajipinda, na nyuma una fundo nene kama punje ya hindi.

Kibaya zaidi ni hiki. Tumpe anaolewa, zimebaki wiki tatu. Alinipigia akasema, "Dada, nitumie picha ya mkufu wa mama, fundi wa gauni anataka kujua shingo aikate vipi." Sikupiga picha. Nilimtumia ule mchoro wangu, kwa jinsi nilivyoutia kivuli na mng'ao usingejua kama si picha ya simu. Akapiga tena, akasema, "Dada, namwona mama kabisa." Akalia kwa furaha, na mimi nikamwacha alie.

Rafiki yangu Angel, ambaye tunachangia chumba cha kazi, ananiambia, "Piga kimya, shosti. Mbegu ni zilezile, nani atakagua?" Lakini baba yetu, mzee Ezron, ndiye aliyekuwa akimvalisha mama ule mkufu kila Jumapili, vidole vyake vitajua. Nikisema naharibu harusi ya mdogo wangu, nisiposema anaolewa akiwa amevaa uongo wangu shingoni. Nifanye nini?

Sekela, Tunduma

MAMA IMELDA ANAJIBU

Sekela mwanangu, marahaba, na pole. Kwa kuwa gazeti lingetoka harusi ikiwa imeshapita, nilikupigia simu siku ileile niliyoisoma barua yako. Niliyokuambia nayaandika hapa kwa ruhusa yako, kwa faida ya wote wanaotunza vitu vya marehemu.

Kwanza, mkasi. Hukukata kwa wivu wala kwa tamaa, ulikuwa unamtafuta mama yako, na mtu aliyefiwa hutafuta hata mahali pasipotafutwa. Hata hivyo ulikosea, tena vibaya. Uliambiwa utunze, hukuambiwa ufumue. Lakini hilo nililimeza. Lililonishinda kumeza ni ile picha. Mkono aliokupa mama yako umeutumia kumdanganya binti yake, kisha ukakaa kwenye simu ukisikiliza akilia. Hapo ndipo pa kutubu, na wala usijifiche nyuma ya uchakavu wa uzi. Na huyo Angel anakupenda, lakini usimfuate. Yeye anahesabu mbegu, na Tumpe hakuomba mbegu.

Nikakuambia: panda gari Jumamosi asubuhi, ufike Ileje kabla ndugu hawajajaa nyumbani. Mwite Tumpe pembeni, aambiwe yeye kwanza, baba baadaye. Usianze kwa kulia, ukilia wewe itabidi akubembeleze, na zamu ya kulia ni yake. Anza na uongo wa picha, ndipo umweleze habari ya mkasi. Halafu nyamaza. Akikutukana, pokea.

Ukaenda. Umenisimulia kwamba Tumpe alikusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Siku ile nalia kwenye simu, ulikuwa unajua?" Ukamjibu, "Nilikuwa najua." Akachukua ndoo akaenda kuchota maji, na mapipa yote yalikuwa yamejaa. Siku mbili hakukuita dada. Mzee Ezron yeye aliupakata ule mkufu, akaupapasa kisogoni kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hata mimi fundo lake silijui, mwanangu. Roda alilimalizia mimi nikiwa shambani. Mimi nilikuwa navalisha tu." Hapo mkalia wote wawili, na sikulaumu.

Tumpe alikwenda kanisani shingo tupu. Ulikaa benchi la pili ukiitazama ile shingo ibada nzima, na umeniambia hujawahi kutazama kitu kigumu kama hicho. Naamini. Ungeweza kuikwepa adhabu hiyo ukakaa umetabasamu, na mdogo wako akafunga ndoa akikushukuru kwa utunzaji ambao hukuufanya. Hukuikwepa. Kwa hilo nakupa heko, na si ndogo.

Jumatatu baada ya harusi, ukiwa unaaga, alikufuata mpaka njiani. Akakuambia, "Dada, sijakusamehe bado. Lakini zile mbegu usimpe mtu. Uje nazo kahawa ikishaanikwa, unifundishe pale unapopajua, na pale usipopajua tutajaribu wote."

Sasa unaniuliza kama maneno hayo ni ya kuvunja moyo au ya kutia moyo. Sekela, mtu aliyekukataa hakupangii siku ya kurudi. Ila usimharakishe. Usimtumie ujumbe kila asubuhi ukiuliza kama hasira imeisha, hasira ya mdogo haipikwi kwa moto mkali. Ule mchoro usiufute kwa aibu, ni kazi nzuri. Uchapishe, uandike chini yake kwamba ni mchoro, na umpelekee baba yako, maana mzee hana picha nyingine ya kile alichokuwa akimvalisha mkewe. Kishikwambi chako usikitupie lawama, hakikukutuma. Endelea kuchora, lakini siku moja katika wiki kiweke pembeni utunge, uchafue vidole, ukosee kitu kisichofutika.

Na lile fundo acha kulitafuta. Mama yako ameondoka nalo, kama kila mtu anavyoondoka na kitu. Fungeni la kwenu, likiwa nene na liwe nene.

Waambie wateja wako mapema kwamba baada ya mavuno hutakuwepo Tunduma wiki nzima. Wakikuuliza kwa nini, waambie una kazi nyumbani.