Kituo cha Langoni kwa Mama

Kaka Ruairi,

Huku kisiwani ukungu umeshuka hadi migongoni mwa kondoo, nami niko ofisini napanga ratiba ya basi ya majira ya baridi. Watalii wameondoka, kwa hiyo vituo visivyo na abiria vinafutwa.

Langoni kwa Mama hapandi mtu. Lakini kila asubuhi Mama hutundika kile kitambaa chekundu cha kusimamishia basi, na dereva wetu Calum husimama.

"Ruairi yumo?" Mama huuliza.

"Leo hayumo, mama yangu."

"Haya nenda, usiwacheleweshe wenzio."

Jana Calum alikuwa na mafua, sauti haitoki. Abiria wakamjibia wote pamoja, taratibu, kama watu wanaoimba usingizini: "Yuko njiani."

Mimi siku hizi Mama ananiita binti wa posta. Namwekea chai, naitikia.

Bosi alikifuta kituo. Nimekirudisha, nikamwambia anifute mimi kwanza. Basi litasimama pale baridi yote. Ila ratiba, kaka, haiwezi kumshusha mtu ambaye hakupanda.

Mdogo wako,
Effie