Kopo la Chumvi Likae Mezani

Modesta mwanangu,

Babu amempeleka Odeta hospitali, kule Nyamagana. Usije mbio, mtoto anatembea mwenyewe. Uji umefunikwa. Kuku wafungulie.

Asubuhi Odeta alishindwa kushika kikombe. "Babu, vidole vimejikunja, vimekataa kufunguka." Babu akamwambia vimembana sangara mkiani, asimwachie. Mtoto akacheka, lakini miguu nayo ikaanza kulegea, na Babu akaacha utani.

Akatafuta chumvi nyumba nzima. Tangu uje kutoka Usagara umeificha kwa ajili ya presha ya Babu, na mboga zote unapika chapwa. Hukuambiwa, kwa hiyo usijilaumu: Odeta kazaliwa na figo zisizojua kushika chumvi, zinaimwaga kwenye mkojo. Daktari alisema ale chumvi bila kubanwa, pamoja na vidonge vyake. Odeta akaona aibu kukusahihisha wewe shangazi yake, akala hivyo hivyo.

Babu aliipata nyuma ya debe la unga, kwa kunusa tu. Pua ya Babu iliwahi kunusa sato akikaangwa Ukerewe, yenyewe ikiwa Buhongwa, na upepo unavuma kwenda huko! Odeta akalamba, akameza vidonge, vidole vikalegea kidogo. Daktari apime damu, tuwe na uhakika.

Basi kopo likae mezani, mbele ya Odeta, na usilifiche tena. Babu hataligusa. ~~Labda kwenye sato.~~ Hataligusa hata kwenye sato.

Baba yako,
Babu wa Odeta