Kikombe Chenye Rangi ya Kucha

Ndugu yangu, leo nimevuliwa nguo sebuleni kwa mwanangu!

Nilipomwambia naharisha damu alicheka: "Baba na hadithi zake." Sawa, niliwahi kumwapia kuwa nilimeza nyoka mzima. Lakini damu?

Nikapimwa choo, wakakuta amiba. Mkewe akachukua rangi ya kucha, akapaka mkono wa kikombe changu, kisichanganyike na vyao. "Babu ndiye katuletea," akawaambia wajukuu, nami nipo!

Daktari akaagiza nyumba nzima ipimwe. Majibu yametoka leo. Mwenye amiba ni mkwe. Mkwe, mpishi wetu!

Daktari kasema mtu anaweza kukaa nayo muda mrefu bila kuumwa, huku anaambukiza wenzake asiponawa vizuri akitoka chooni.

Nikamwuliza mkwe, "Mama, na chako tukipake?"

"Baba, acha utani. Mimi mbona siumwi?"

Siumwi! Eti siumwi! Mwanangu kainamia simu kama hayupo.

Sasa hivi mkwe kaleta chai. Kapika yeye, kamimina yeye. Changu kina rangi ile ile. Chake, ndugu yangu, hakina hata doa.