Mafunjo ya Baba Neema

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimeyamwagia mafunjo maji ya kuoshea vyombo. Yamefika dirishani. Mmea wa ajabu huu. Fimbo tupu za kijani, kichwani nywele za mtu asiyechana, na haukauki mwaka mzima. Baba Neema aliyatoa kinamasini akayapanda hapa nyuma ya nyumba yetu ya wafanyakazi wa reli, Nsambya.

Siku ya tisa tangu askari wamchukue kazini. Alivaa sweta ya kijivu niliyomfumia. Hakuna anayejua chochote. Wanajua, hawasemi.

Jumatano, 6 Machi
Meja mmoja wa jeshi, anayekaa kilimani Naguru, alikuja kwa jirani, akayaona mafunjo kwenye ua wangu. Anayataka. Alisema, "Mama, pandia mimi hii kwangu. Ikishika, mimi nitauliza bwana yako iko wapi."

Shina siling'oi. Ni la Baba Neema, akirudi alikute. Nimekata fimbo sita, nimezichomeka kwenye ndoo ya tope.

Jumatano, 13 Machi
Zimeoza. Zote sita. Zinanuka. Nimekaa chini nikalia, mtu mzima, kwa ajili ya majani.

Alhamisi, 14 Machi
Mama Akello, mke wa polisi hapo jirani, alichungulia ndoo akacheka kidogo. Nimekosea, kumbe. "Geuza, Mama Neema. Kichwa chini. Hii kitu mizizi yake inatoka kwa kichwa."

Nimekata vichwa sita, nimevipindua majini. Nachungulia kila saa, kana kwamba nimebandika maharage.

Jumapili, 31 Machi
Sikwenda kanisani. Mizizi! Midogo, myeupe, kwenye vichwa vinne. Nimemshukuru Mungu kwa sauti, jikoni, peke yangu.

Hofu sasa ni mbaya zaidi. Nikivipanda visiposhika?

Jumamosi, 13 Aprili
Nimevipanda Naguru, kando ya bomba. Meja hakuwepo. Mkewe mpole sana. Alinipa chai, kisha mfuko wa nguo kuukuu nikawagawie watu. Alisema zimejaa nyumbani, mzee wake huzileta tu, naye haulizi anakozitoa.

Juu kabisa, sweta ya kijivu. Kiwiko cha kulia kimezibwa kwa uzi wa bluu. Nilikiziba mimi mwaka jana, uzi wa kijivu uliponiishia.

Nikasema asante. Nilimwambia asante, mama, nikateremka kilima na mfuko mkononi. Ningesema nini? Najichukia.

Jumapili, 14 Aprili
Siwezi kuandika.

Jumatatu, 29 Aprili
Mvua tangu asubuhi. Sweta iko kwenye kiti chake. Sijaifua.

Meja ametuma mtu. Mafunjo yameshika vizuri, anataka mengine ya upande wa geti. Kuhusu bwana wangu, hakutuma neno.

Nimekata vichwa sita. Nimevipindua majini.